Skrini Ikianza Kucheza, Usikubali Kufomatiwa Mashine

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia kwa kibanda cha fundi naumwa na tumbo: "Hii inataka kufomatiwa tu."

Skrini inawaka ikizima? Fomati. Kuna laini za kijani upande wa kulia? Fomati. Maandishi yamekuwa makubwa kama jina la matatu? Fomati. Tembea Kitengela kuanzia stendi hadi Noonkopir, ingia kwa fundi yeyote na laptopu yenye skrini inayocheza, na kuna uwezekano mkubwa uambiwe uache thao na nusu, urudi kesho uchukue Windows mpya.

Wasee, kufomati si kupima ugonjwa. Ni kama kubomoa nyumba kwa sababu balbu ya jikoni inasumbua. Unaweza kubomoa, ujenge tena, uweke balbu ileile, na bado isumbue. Kitu ambacho hutapata tena ni kile kilichokuwa ndani ya nyumba.

Ndani ya ploti yetu kuna msichana anasomea diploma Kajiado mjini. Laptopu yake ilikuwa ikifanya kitu kimoja: ukiisogeza kifuniko, skrini inatetemeka. Ukiiacha imetulia, inatulia. Fundi akaiangalia dakika mbili. "Siste, window imekufa. Kesho asubuhi kuja uchukue." Akauliza, na vitu vyangu? Akaambiwa ziko tu. Kesho yake alipewa Windows safi kabisa, folda ya Documents tupu, na skrini bado inatetemeka akisogeza kifuniko. Shida ilikuwa waya wa skrini unaopita kwenye bawaba. Sura tatu za kwanza za mradi wake zilikuwa zimechapishwa kwa ajili ya mwalimu, basi akakaa chini akaziandika upya neno kwa neno. Zile zingine zilikuwa zimeenda.

Hapo ndipo panaponiuma. Alilipa, akapoteza kazi, na ugonjwa ukabaki palepale.

Na kupima si uchawi. Kuna majaribio manne ambayo hata kama hujawahi kufungua laptopu maishani mwako unaweza kuyafanya leo, bure.

La kwanza: shida ikionekana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Print Screen, kisha jitumie hiyo picha kwa WhatsApp uifungue kwa simu. Kama kwa simu picha ni safi na kwa laptopu bado kuna laini, mara nyingi ugonjwa uko kwa kioo au kwa waya. Hakuna Windows mpya inayotibu waya uliokatika.

La pili: chomeka kebo ya HDMI kwa TV ya mathe pale sebuleni. TV ikionyesha vizuri, kadi ya grafiki iko sawa na mshukiwa ni skrini ya laptopu. TV nayo ikicheza vilevile, sasa angalia draiva au kadi yenyewe. Kama yako ni kompyuta ya mezani, ni rahisi zaidi: badilisha kebo kwanza, halafu azima monita ya mtu. Kebo iliyolegea imetuma watu wengi kwa fundi bila sababu.

La tatu: zima, washa, na uangalie kabla Windows haijafika, pale nembo ya HP au Dell au Lenovo inapotokea. Laini zikiwa zimeshajitokeza hapo, Windows haina hatia. Haijaamka hata.

La nne: bonyeza Ctrl, Shift na Esc ili Task Manager ifunguke. Kama kila kitu kinatetemeka, hata Task Manager yenyewe, hiyo mara nyingi ni draiva ya skrini. Kama Task Manager imetulia na vingine ndivyo vinaruka, kuna programu fulani haielewani na mashine. Iondoe, au tafuta toleo jipya lake.

Ikiwa ni draiva, bado huhitaji kufomati. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini inazima sekunde moja hivi, mara nyingi unasikia mlio mfupi, na draiva ya grafiki inaanza upya bila kufunga kazi yako. Shida ikirudi, ingia Device Manager urudishe draiva ya zamani, hasa kama mambo yalianza baada ya sasisho. Na kama maandishi yamekuwa makubwa au kila kitu kimevutwa, ingia Settings, sehemu ya Display, urudishe vipimo vilivyopendekezwa. Hiyo ni dakika moja.

Halafu kuna vumbi. Tuko Kitengela, jameni. Viwanda vya simiti vya Athi River viko hapo tu, malori hayaishi barabara ya Namanga, na kiangazi kikikolea unapangusa meza asubuhi na mchana tena. Hilo vumbi linaingia kwenye feni, joto linapanda, na kadi ya grafiki ikipata joto sana inaanza kuchora vitu vya ajabu kwenye skrini. Dawa ya hapo ni kufungua na kusafisha.

Kama unafikiri nasema haya kwa sababu sijui shida kubwa zinafanana aje, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu, na kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani zikabaki na skrini ya buluu. Ndege zilikwama, benki zilikwama, hospitali zilikwama. Na dawa ilikuwa nini? Kwa mashine nyingi, mafundi waliingia hali salama, ile inaitwa Safe Mode, wakafuta faili moja tu iliyokuwa na shida, wakawasha tena. Kama shida iliyosimamisha viwanja vya ndege ilitibiwa hivyo, laptopu yako ya mradi wa chuo inaweza kupewa dakika kumi za kupimwa.

Lakini siku hiyo ilikuwa na somo la pili. Mashine nyingi za ofisi zilikuwa zimefungwa na BitLocker, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 huwezi kuingia Safe Mode uguse faili. Waliokuwa wameuhifadhi vizuri waliendelea, wengine walihangaika. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 zinajifunga hivyo zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hujui. Ingia kwa akaunti yako leo, tafuta ufunguo, uandike kwa karatasi. Karatasi haihitaji stima.

Sasa tuongee bakapu, kwa sababu kupima peke yake hakutoshi. Kuna siku diski itakufa kweli, na kuna siku kufomati kutakuwa ndiyo dawa sahihi. Watu wengi wanachanganya vitu viwili hapa. Kuna nakala ya kazi zako: picha, video, mradi, rekodi za biashara. Na kuna nakala ya mfumo wenyewe: Windows yako na draiva zake, programu zako, mipangilio yako yote jinsi ilivyo siku hiyo. Ukiweka faili kwa Google Drive umeokoa kazi, lakini mashine ikifa bado utatumia siku mbili kurudisha programu. Ukiwa na picha ya mfumo mzima kwa hadi diski ya nje, unairudisha jioni moja na kesho uko kazini.

Kwenye Windows, fungua Control Panel, kuna sehemu ya Backup and Restore ambayo mpaka leo inabeba jina la Windows 7. Ndani yake unaweza kutengeneza picha ya mfumo. Tafuta pia fleshi ya GB 32 utengeneze diski ya kuokolea mashine isipowaka. Kama uko Linux, Timeshift inakuhifadhia mfumo, lakini kumbuka kwa kawaida haigusi faili zako binafsi, hizo uzinakili kando. Na kama ni kompyuta ya mezani, usisasishe mfumo wakati stima inacheza. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, laptopu zilibaki na betri. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ilizima hapohapo.

Na tafadhali, tuache hii mambo ya "niliweka kwa D." C na D mara nyingi ni diski moja iliyogawanywa kama chumba kilichowekewa pazia katikati. D itakusaidia siku fundi akifomati C peke yake. Diski ikifa, zote mbili zimekufa. Mwizi akiingia kwa ploti, anabeba C na D kwa mfuko mmoja.

Watu wa picha na video wana kanuni nzuri: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kwa lugha ya mtaa: moja kwa laptopu, moja kwa hadi diski, na moja kwa intaneti au kwa shosho. Akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure. Haitoshi kwa video, lakini mradi, CV na vyeti vyako vyote vinaingia na nafasi inabaki.

Pia ijaribu hiyo nakala. Mwaka 1998, Pixar wakitengeneza Toy Story 2, mtu alitoa amri ya kufuta na sehemu kubwa ya filamu ikapotea. Walipokimbilia bakapu, wakapata haikuwa ikifanya kazi vizuri. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wao, Galyn Susman, alikuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi huko. Hao ni Pixar. Mimi na wewe ni nani tusijaribu kufungua faili moja kwa hadi diski mara moja kwa mwezi?

Najua utaniambia hadi diski ni ghali na bando zinaisha. Ni kweli. Basi usianze na GB 500 za filamu, hizo utazipata tena. Windows yenyewe iko kwa tovuti ya Microsoft. Anza na kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani ako nacho: kazi ya mikono yako. Kwa wengi wetu hiyo inatoshea kwa fleshi ndogo.

Na sitaki mtu aseme nimekuja kuwachoma mafundi. Sisi wateja ndio tumewafunza hii tabia. Tunataka mashine kesho, tunataka bei ya chini, na fundi akisema anataka mia tano ya kuangalia tu, tunamwita mwizi. Akifomati, tunaona kitu kipya kinang'aa, tunalipa tukitabasamu. Fundi ana kodi ya kibanda, anafuata pesa ilipo. Tukianza kulipia kupima, wataanza kupima.

Hii itakuwa muhimu zaidi sasa. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi tunazonunua huku ni zile za mitumba kutoka Uingereza, na nyingi ni za zamani kuliko zile Windows 11 inazikubali rasmi. Zitalazimishwa kuhama, nyingine kwa njia za mkato, na zingine zitaanza kusumbua draiva. Skrini zitacheza sana. Ukiambiwa unahamishiwa Windows 11, nakala ya mfumo wa zamani iwe imeshatengenezwa kabla fundi hajagusa kitufe.

Kwa walio Kajiado mjini, Isinya au Bissil, wanaotuma laptopu Nairobi kwa matatu, nyinyi hata hamwonani na fundi. Simu moja tu, "iko tayari," na imerudi tupu. Nakala yako itengenezwe kabla mashine haijapanda gari. Na ukiitengeneza mwenyewe, picha zako na kitambulisho chako havibaki kwa kompyuta ya mtu usiyemjua.

Ukifika kwa fundi, muulize maswali matatu kwa heshima. Umeona shida ni nini? Umejaribu nini kabla ya kufikiria kufomati? Vitu vyangu viko wapi sasa hivi? Fundi mzuri atafurahia hayo maswali, na huyo mlipe vizuri na umpelekee wateja. Asiyeweza kujibu hata moja, mwambie asante boss, rudisha laptopu kwa begi, na uende kibanda kinachofuata.