Acheni kusingizia maabara

Jamani, leo nina ugomvi. Nagombana na wanaosema kwamba fizikia ya viumbe vidogo haifundishiki Kiritiri mpaka ziletwe hadubini na pesa za wafadhili. Wanasema hivyo Mbeere, ambako maji ya kijani hayanunuliwi! Yamo kwenye mapipa ya mvua, na mto Tana wenyewe una mabwawa matano, kuanzia Masinga mpaka Kiambere.

Mimina maji hayo kwenye sahani nyeupe, kina cha sentimita moja hivi, uyaache yatulie. Kama yana mwani unaoogelea, na ni mwingi, baada ya dakika chache utaona madoa na mistari ya kijani ikijipanga kama kitenge. Hakuna seli iliyotoa amri.

Inakuwaje? Seli moja ina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita, na ni nzito kidogo kuliko maji. Nyuma yake huwa nzito kuliko mbele, kwa hiyo huelekea juu na kuogelea juu. Zikirundikana huko, tabaka la juu linakuwa zito kuliko la chini, nalo halikai, linashuka kwa michirizi. Sasa sikiliza uhondo: mkondo unaoshuka huzipindua seli za jirani zielekee katikati ya mchirizi, mchirizi unazidi uzito, unazidi kushuka. John Kessler alilionyesha hilo mwaka 1985. Jina, bayokonveksheni, lilitolewa na John Platt mwaka 1961.

Wenzangu waandishi wa programu nao wana lao. Wakiona madoa tu, "Hiyo ni Turing!" Hapana. Turing wa mwaka 1952 aliandika juu ya kemikali zinazoathiriana huku zikisambaa kwa kasi tofauti. Hapa ni uzito, kuogelea na mkondo. Kanuni tatu ambazo tarakilishi kuukuu inaweza kuziiga. Wengine wanasema vijidudu vina akili. Akili ya nini? Jiwe likiporomoka mlimani tunasema lina akili?

Tena jaribio la kuwanyamazisha wote halina gharama. Koroga maji: ruwaza inafutika, kisha inarudi. Sasa chukua maji mengine kutoka pipa hilohilo, yachemshe, yaache yapoe kabisa, yakoroge vilevile. Seli zimekufa, haziogelei, na ruwaza hairudi. Basi si joto la chumba, si vumbi. Hiyo ni sayansi kamili, yenye ulinganisho wake.

Utaniambia bila hadubini hujui ni mwani gani. Kweli. Kuna maji ya kijani yasiyo na waogeleaji, na mengine yana sumu, kwa hiyo msiyaonje na mnawe mikono. Hadubini na ije, sikatai. Lakini mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende, nasi bado tunamkaririsha mchoro wa amiba ubaoni! Badilisheni kina cha maji, mpime umbali kati ya doa na doa. Rula kila mwanafunzi anayo.