Chema Hujiuza Palipo na Soko

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya Inna Deriglazova, Mrusi mcheza vitara, yanatulazimu kuutazama upya usemi huo.

Mzaliwa huyu wa Kurchatov, mkoani Kursk, alijijengea sifa kwa foili, kitara chepesi ambacho pointi zake hupatikana kwa ncha pekee. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015, 2017 na 2019. Huko Rio, mwaka 2016, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa kumshinda Muitalia Elisa Di Francisca 12-11. Huko Tokyo, mwaka 2021, alipata dhahabu ya timu na fedha yake binafsi.

Hata hivyo, nchini mwake wanaovuma ni watelezaji wa barafuni. Sababu si siri. Mtelezaji huonekana uso, na muziki humsindikiza. Mcheza vitara hujifunika wavu wa chuma, na pigo lake hupita kufumba na kufumbua. Asiyejua kanuni huona taa ikiwaka tu.

Basi umaarufu hupima kuonekana, wala haupimi ustadi. Si jambo dogo hilo. Machi 2022, Warusi walipofungiwa mashindano ya kimataifa ya vitara kutokana na vita vya Ukraine, wasiovuma walipoteza jukwaa lao kuu. Mtelezaji mashuhuri aliyefungiwa vivyo hivyo husalia na maonyesho yake nyumbani; mcheza vitara husalia na nini?

Chema hujiuza palipo na soko. Wajenzi wa soko hilo ni magazeti na televisheni. Haki yataka wahesabu medali kabla ya makofi.