Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Wanunuzi wa Marekani na Mashauri ya Lishe ya Dukani

Katika miji ya Marekani yako maduka yasiyopenda kuitwa maduka ya vyakula tu, bali maduka ya vyakula vya afya. Mnunuzi aingiapo humo hakuti bei peke yake juu ya rafu. Hukuta pia mawaidha: kula hiki kwa ajili ya moyo, meza kile kwa ajili ya viungo. Wako wanunuzi wengi wanaoyatazama mawaidha hayo kwa jicho la shaka. Leo tungependa kuichunguza shaka hiyo, kwa sababu haiwahusu Wamarekani peke yao, na kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kuingia hata katika kambi za jeshi.

Tuanze na mfano unaojulikana. Kampuni ya Whole Foods Market ilianzishwa mjini Austin, katika jimbo la Texas, mwaka 1980, na mwaka 2017 ikanunuliwa na kampuni ya Amazon kwa dola bilioni 13.7. Mwaka 2009 mkuu wake, John Mackey, alikiri katika gazeti kwamba maduka yake yalikuwa yakiuza pia vitu vingi visivyo na faida mwilini, akaahidi kuwaelimisha wateja. Mwaka uliofuata vyakula vikaanza kupewa alama kwa kipimo cha daktari aitwaye Joel Fuhrman. Kipimo hicho hulinganisha virutubishi vya chakula na nguvu ambayo chakula hicho huupa mwili. Majani ya jamii ya sukumawiki yalipata alama 1000, ambazo ndizo za juu kabisa. Mafuta ya zeituni yakawekwa karibu na mkia.

Hatusemi kwamba kipimo hicho kilikuwa uongo. Mboga za majani ni chakula chema, na hakuna mganga wa kweli atakayelipinga hilo. Lakini kwa hesabu ya namna hiyo, chakula chenye kumpa mtu nguvu nyingi hushushwa daraja kwa sababu ya nguvu hiyo hiyo. Askari aliyetembea tangu alfajiri na mzigo mgongoni anajua kwamba majani matupu hayatamfikisha jioni. Tena mnunuzi mwenye akili aliweza kujiuliza: duka lililoyapa mafuta alama ndogo namna hii, mbona limeyapanga vizuri katika rafu ya pili ili niyanunue?

Hapo ndipo penye mzizi wa shaka. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mshauri na muuzaji wanapokuwa mtu mmoja, liko jibu moja ambalo ni shida kutoka kinywani mwake, nalo ni hili: huhitaji kununua kitu, rudi nyumbani ukale chakula chako cha kawaida. Si lazima muuzaji huyo awe mwovu. Huenda anaamini kila neno analolisema. Lakini mshahara wake watoka katika mauzo.

Sheria ya nchi hiyo nayo imeuacha mlango wazi. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994, vidonge na unga wa kuongeza lishe havihitaji kuidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kabla ya kuuzwa. Kazi ya kuthibitisha kwamba bidhaa ina madhara imeachiwa Mamlaka hiyo, baada ya bidhaa kufika sokoni. Muuzaji aweza kuandika kwamba bidhaa yake huusaidia mwili kwa namna fulani, mradi aongeze maneno kwamba dai hilo halikupimwa na Mamlaka, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa.

Matokeo yake yalionekana huko Hawaii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, mtafiti alizunguka katika maduka ya vyakula vya afya akijifanya binti wa mama mwenye saratani ya matiti. Wauzaji hawakusita kumpa majina ya bidhaa, na iliyotajwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa gegedu la papa, yaani ule mfupa laini wa samaki huyo. Baadaye dawa iliyotengenezwa kwa gegedu hilo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba haikurefusha maisha yao.

Wako watakaosema kwamba kidonge kisichofaa hakidhuru ila mfuko. Sivyo. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji wa sigara walishiriki katika jaribio la vidonge, baadhi yao wakipewa betakarotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ilitumainiwa kwamba ingewakinga na saratani. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti haina kosa. Kidonge si karoti.

Sasa tufike kambini. Mwaka 2011 askari wawili wa Marekani walianguka wakiwa mazoezini, wakafa. Uchunguzi ulikuta miilini mwao kemikali iitwayo DMAA, iliyokuwa ikitiwa katika bidhaa za kuongeza nguvu za mazoezi. Bidhaa hizo zilikuwa zikiuzwa waziwazi, hata katika maduka yaliyomo ndani ya kambi. Desemba ya mwaka huo Wizara ya Ulinzi iliamuru ziondolewe katika maduka ya kambini. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwamba kemikali hiyo ndiyo iliyowaua askari hao, lakini walishauri marufuku iendelee. Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa iliwaonya wananchi wote kwamba kemikali hiyo hupandisha shinikizo la damu na yaweza kuleta maradhi ya moyo.

Hata hivyo, shaka nayo ina hatari yake. Mtu aliyedanganywa mara moja huanza kumkataa kila mshauri. Akiisha kukasirishwa na bango la dukani, humdharau hata mganga anayemwambia apunguze chumvi na kuacha sigara. Hivyo hasara ya ushauri wa kibiashara ni mbili: huuza kisichofaa, kisha huliharibia jina lile linalofaa.

Hapa kwetu Uganda Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Lakini hakuna mamlaka iwezayo kusimama mlangoni pa kila duka, wala kumfuata kila mchuuzi ajaye siku ya mshahara na chupa za vidonge. Kwa hiyo askari na polisi wajizoeze kuhoji kama wanavyohoji kazini: anayenishauri ni nani, atapata nini nikinunua, na ni nani mwingine aliyekichunguza kitu hiki? Asiache mtu vidonge vyake vya shinikizo la damu au vya kifua kikuu kwa sababu ya maneno ya muuzaji. Aende kwanza katika zahanati ya kambi. Na wala asione haya kwa sahani yake ya posho, maharage, mboga za majani na dagaa, hata kama haina bango la kuisifia.