Ramani Inahesabu Kilomita, Haihesabu Mawe

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili. Sikuwa mgonjwa, wala tarakilishi yangu haikuibwa. Nilikuwa juu ya skuta.

Binamu yangu aliniazima skuta yake ya sisi 125. Nikatoka Migori mjini, nikapitia Macalder hadi Karungu, nikapanda vijiji vya milima ya Gwassi, nikashuka Nyandiwa ziwani, kisha Sindo, Mbita na hatimaye Homa Bay. Vijana wa boda boda walipoona magurudumu yale madogo walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nampelekea mtoto zawadi.

Njiani nilisimama Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zinazokadiriwa kujengwa karne ya 16, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kuunganisha, na bado zimesimama. Waliozijenga waliyajua mawe ya kwao. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa kisa chenyewe. Nikiwa upande wa Magunga, programu ya ramani kwenye simu yangu ilinionyesha njia ya mkato ya kuvuka kilima hadi ziwani. Dakika 25, ilisema. Kwenye steji, dereva mmoja akaniambia, "Omera, hiyo ni njia ya mbuzi. Zunguka." Mimi na shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi tukaamini simu. Nilifika chini baada ya saa mbili na nusu, nikiisukuma skuta katikati ya mawe makubwa kama masufuria ya harusi, na gurudumu la nyuma lina pancha.

Kwa nini simu ilidanganya? Kwa wale ambao hawajasoma mambo haya: ramani ndani ya programu ni nukta zilizounganishwa kwa mistari, na kila mstari una gharama yake. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha kanuni ya kutafuta njia yenye gharama ndogo kuliko zote, na mpaka leo programu nyingi hujengwa juu ya wazo hilo. Kanuni haina kosa. Kosa liko kwenye gharama tunazoilisha. Mjini, kasi hukadiriwa kutokana na simu nyingi zinazotembea barabarani. Kule Gwassi simu zenye data ni chache, kwa hiyo mtu aliye mbali anakisia tu.

Na mtu huyo ni mimi. Niliwahi kuandika, katika programu ya kusambaza mizigo, mstari unaosema kila barabara isiyo na lami huendeka kwa kilomita 30 kwa saa. Niliuandika nikiwa Nairobi, kikombe cha chai mkononi. Sikuuliza mvua, mteremko wala mawe.

Mzigo ukichelewa, mteja anapiga kelele na mambo yanaisha. Lakini yule dereva aliyenionya, nilipokutana naye tena Nyandiwa nikizibiwa pancha, aliniambia kwamba mara kadhaa ameitwa usiku kumbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi kituo cha afya. Anajua daraja gani hufunikwa na maji, na mteremko gani haushukwi na abiria. Kesho tukimletea programu ya dharura inayomwelekeza njia ya mbuzi, nani atalipa kwa ule mstari wangu?

Wengine mtasema satelaiti zitamaliza tatizo hili. Sidhani. Satelaiti inaona mstari wa kahawia kilimani. Haijui kama ni barabara ya gari, ya pikipiki au ya mbuzi, na wala haijui kama mvua ya jana imeikata. Ujuzi huo uko vichwani mwa watu wa steji, na sisi tunaupita tukikimbilia picha za angani.

Dawa ipo, na ni bure. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, inamruhusu yeyote kurekebisha ramani. Ina lebo za aina ya uso wa barabara na za ulaini wake. Vijana wa Kibera waliichora mitaa yao humo mwaka 2009. Hata intaneti ikikosekana, GPS ya simu hufanya kazi, na programu kama OsmAnd hukurekodia safari ukaipakia baadaye. Kwa hiyo ukienda ushago likizo hii, rekodi barabara moja tu, kisha ukae steji nusu saa uulize. Na ninyi wenzangu watengenezaji, msitoe programu ya njia kabla dereva wa pale hajaijaribu na kuicheka.

Mimi nimeanza. Ile njia ya mkato nimeiwekea lebo ya njia ya miguu. Na ule mstari wangu wa kilomita 30 nimeufuta, ingawa bado sijui niweke namba gani badala yake. Itabidi nirudi Gwassi nikaulize.

Safari hii nitaazima pikipiki.