Mama, harufu ile ya matunda si udi

Mama mmoja wa Kilwa Masoko alinipigia simu wiki mbili zilizopita akiulizia dawa ya "malaria sugu". Kijana wake anasoma chuo kikuu Dar es Salaam na alikuwa amerudi nyumbani likizo. Kila Jumamosi usiku alirudi kutoka kwa wenzake kichwa kinamuuma, anatapika, na miguu haina nguvu. Jumapili ikifika mchana anakuwa mzima, anadai chakula. Walikuwa wameshampima malaria mara tatu na haikuonekana. Nikamuuliza mama, huko kwa wenzake wanafanya nini?

"Wanakaa tu chumbani, daktari, wanapiga stori. Sigara havuti, pombe hanywi. Hata akirudi ananukia vizuri, kama matunda."

Hapo nikajua. Kijana alikuwa anavuta shisha.

Sikumlaumu yule mama, na wewe usimcheke. Sisi watu wa pwani pua zetu zimefundishwa kupenda moshi mtamu. Chetezo kikiletwa ndani, kaa la moto na udi juu yake, tunajua kuna heshima: nguo zinafukizwa, bibi harusi anafukizwa, mgeni anapokewa. Moshi wa sigara tunaufukuza nje, huu tunaukaribisha sebuleni. Mtoto akirudi ananukia sigara, nyumba nzima inaamka. Akirudi ananukia tufaha au mnanaa, mama anadhani ni manukato ya mjini.

Hata kifaa chenyewe si kigeni kama vijana wanavyodhani. Wazee wa pwani walivuta kiko cha maji: tumbaku juu, digali likishuka hadi kwenye kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji. Ule mlio wa maji waliuita malio ya kiko, na kamusi za zamani zimeuhifadhi. Ndiyo maana babu akimwona mjukuu na bomba la shisha anaweza kutabasamu tu. (Na tafadhali usiniletee habari za mzee fulani aliyevuta kiko mpaka akafika miaka tisini. Wenzake waliokufa na miaka hamsini huku wanakohoa hakuna anayewahesabu.)

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya ile chupa. Juu kuna tumbaku iliyolowekwa kwenye asali au sukari iliyoyeyushwa na kutiwa ladha ya matunda. Juu ya tumbaku kuna foili yenye matundu, na juu ya foili kuna makaa ya moto. Mvutaji anapovuta, hewa inapita kwenye makaa, inaipasha tumbaku joto, inashuka kwenye maji, kisha inapanda kwenye mpira hadi kifuani. Zingatia neno makaa. Watu wengi wanaponiuliza juu ya shisha wanauliza habari za tumbaku peke yake, ilhali kilichomwangusha yule kijana wa Kilwa Masoko, kwa maoni yangu, ni mkaa.

Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, mlango na madirisha yamefungwa, na habari hizo umezisikia zaidi ya mara moja. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Oksijeni inakosa nafasi, na ubongo na moyo vinabaki na njaa ya hewa. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, na ikizidi anazimia. Akitoka kwenye hewa safi, sumu inapungua kwa nusu baada ya saa nne mpaka sita hivi, ndiyo sababu kijana wetu alikuwa mzima kila Jumapili mchana. Hakuna mama wa Lindi anayeweza kuingiza jiko la mkaa chumbani kwa mtoto na kufunga dirisha. Shisha inafanya zaidi ya hapo, maana mvutaji anauvuta moshi wa mkaa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Lakini maji yanachuja." Hili nalisikia kila mahali, hata kwa watu waliosoma sayansi. Maji yanaupoza moshi, basi. Kaboni monoksaidi inapita kwenye maji karibu yote, na sehemu kubwa ya nikotini na kemikali za saratani nazo zinapita. Tena kule kupoza ndiko kunakoleta balaa: moshi wa sigara ni mkali, koo linakataa, mtu anavuta kidogo na kuacha. Moshi wa shisha ni laini, mtu anavuta pumzi ndefu kwa saa nzima huku anazungumza na kucheka. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2005 lilieleza kwamba katika kikao cha saa moja mvutaji anaweza kuvuta moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Tuwe wakweli: hicho ni kiasi cha moshi, haina maana kwamba kila sumu iliyomo imezidi mara 100. Lakini hata ukipunguza sana, hicho si kitu cha kumruhusu mtoto kwa sababu eti "hata sigara havuti".

Kuna na wale wanaouza shisha "ya matunda tu, haina tumbaku". Nikotini inaweza kuwa haimo kweli. Mkaa je? Upo pale pale, na sumu yake ipo pale pale.

Watoto wetu wanaanzia wapi? Wengi wanaanzia chuoni. Mtoto ametoka Nangurukuru, Liwale au Nachingwea, ada imetoka kwenye ufuta na korosho, anafika mji mkubwa hamjui mtu. Boom la Bodi ya Mikopo likitoka wenzake wanamwita, wanachangia, bomba linazunguka. Naielewa hali hiyo. Mtoto hatafuti tumbaku, anatafuta watu wa kukaa nao. Tumbaku inakuja nyuma yake, na nikotini haiulizi ulikuja kwa sababu gani. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25, na ubongo wa umri huo unashikwa na uraibu upesi kuliko wa mtu mzima. Anaanza Jumamosi kwa Jumamosi, kisha Jumatano inaingia, kisha anakuwa mkali asipopata. Na tusifikiri ni mambo ya Dar es Salaam peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanzisha kampasi hapa Lindi. Ni neema kwa mkoa, na vijana watakuja na mazoea yao.

Utaniambia shisha ilishapigwa marufuku. Ni kweli. Julai 2016 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, jirani zetu hapa hapa mkoani, alitangaza marufuku hiyo. Uganda walikuwa wameiweka kwenye sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015, Rwanda na Kenya wakafuata Desemba 2017. Naunga mkono, na ningependa marufuku hiyo isimamiwe kwa bidii zaidi. Lakini mzazi anayekaa akisubiri polisi atasubiri sana. Shisha imehama kutoka ukumbini ikaingia chumbani, na chumbani ni pabaya zaidi kwa sababu dirisha linafungwa ili jirani asisikie harufu.

Mzazi mwingine huniambia, "Afadhali shisha kuliko bangi." Siwezi kukubaliana naye. Mtoto anayesikia neno hilo nyumbani ameshapewa ruhusa.

Nakuomba pia usianze kwa kuvunja chupa na kupiga kelele za uhuni. Ukifanya hivyo mtoto atavuta mbali nawe, na siku akizimia wenzake wataogopa kukupigia. Kaa naye jioni, wawili tu, umuulize kwa jina lake: "Mwanangu, huko chuoni mnavuta shisha?" Akisema ndiyo, nyamaza kidogo umsikilize. Mueleze habari ya jiko la mkaa, hilo atalielewa bila mhadhara. Binti mwambie pia kwamba moshi huu wakati wa mimba unaweza kumletea mtoto mwenye uzito mdogo, maana wasichana nao wanavuta, tusijidanganye. Akitaka kuacha, mwambie wiki mbili tatu za mwanzo atakuwa na hasira na usingizi utakatika, na kwamba hali hiyo hupita. Asiende kabisa vikao vile kwa muda huo, maana wengi wanarudi kwa sababu ya kikao. Akishindwa peke yake, mpeleke hospitali. Uraibu ni ugonjwa kama mengine.

Kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu; kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Wavutaji wanakaa saa nzima chumba kimoja kisicho na hewa, mmoja akiwa na ugonjwa anawakoholea wote. Mdomo wa bomba wanaopokezana nao unaweza kubeba vidonda vya mdomo vya hepesi.

Na jambo ambalo nisingependa ulisahau: ukimfikisha kijana zahanati au hospitali usiku, awe Sokoine hapa Lindi au Kinyonga kule Kivinje, kichwa kinamuuma, anatapika au amezimia, sema shisha. Litaje neno hilo hata kama unaona aibu. Huku kwetu homa nyingi hudhaniwa ni malaria, na mhudumu ataanza na malaria. Tena kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri kabisa wakati damu imejaa kaboni monoksaidi, kwa sababu hakiwezi kuzitofautisha. Akijua ni shisha atampa oksijeni ya kupumua mara moja, nayo ndiyo dawa yake. Njiani mpakie mahali penye upepo, madirisha wazi, asifunikwe kichwa.

Mama wa Kilwa Masoko alimuuliza mwanawe siku ile ile. Kijana alikana kwanza, kisha akauliza kama ni kweli mtu anaweza kufa. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa wenzake kama kawaida, akawafungulia dirisha. Bado hajaacha. Mama yake anaendelea kumuuliza.