Wazee wa "Mchague Huyu" Wanavyoua Misheni Kali Kuliko Zote za Mass Effect 2

Kwenye video za gemu wapo wazee wa maelekezo ambao kazi yao ni moja tu: kumwaga mtama. Mchezaji amefika misheni ya mwisho ya Mass Effect 2, moyo unamdunda, anafungua video apate mwanga kidogo tu. Kabla hata hajakaa vizuri ameshapewa orodha nzima. Huyu apite kwenye bomba. Huyu aongoze kikosi. Huyu abaki nyuma. Hakuna sababu, ni majina tu, kama mwalimu anaita mahudhurio. Wengine hawasubiri hata uifungue: picha ya mbele ya video tayari inaonyesha nani amelala chini amekufa. Halafu eti ni mwongozo. Mwongozo wa nini?

Kwa asiyeijua, gemu hii ya BioWare ilitoka Januari 2010, na mwaka 2021 ikarudi ndani ya Legendary Edition pamoja na nyingine mbili za mfululizo huo. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu wanaicheza kwa mara ya kwanza kabisa. Kamanda Shepard anazunguka galaksi akikusanya watu, hadi 12 ukiwapata wote, kwa ajili ya safari moja ambayo tangu mwanzo inasemwa wazi kwamba huenda hakuna wa kurudi. Na si mkwara. Yeyote kati yao anaweza kufa, na akifa amekufa. Ukiipeleka sevu yako kwenye Mass Effect 3, hayupo. Wakibaki hai chini ya wawili, Shepard mwenyewe harudi.

Sasa angalia misheni yenyewe ilivyosukwa. Mmeingia kwenye ngome ya adui, anatakiwa mtu mmoja atambae ndani ya bomba lenye joto kali afungue milango, huku wengine wakipigana nje. Mwanajeshi mmoja anajitokeza kifua mbele: mimi hapa. Mwanamama mmoja anamkatalia palepale, kwamba roho nzuri anayo, ila hapo anatakiwa fundi wa mitambo. Yuko sahihi kabisa. Mbele kidogo anatakiwa mtu wa kutandaza ngao kwa nguvu zake za kibiotiki, wenzake wapite katikati ya kundi la wadudu. Mwanamama yuleyule anasema hata yeye anaweza, kwa nadharia yeyote mwenye nguvu hizo anaweza. Ukimwamini hapo, kuna mwenzako atabebwa na wadudu ukimwangalia. (Majina yameachwa makusudi. Anayeyataka anajua pa kuyapata.)

Huo ndio uhondo wenyewe! Gemu inakupa majibu, ila imeyaweka vinywani mwa watu wenye majivuno yao, na mtu aliyekuwa sahihi dakika kumi zilizopita sasa anakupoteza. Kinachopimwa siyo wepesi wa vidole kwenye pedi. Ni kama uliwasikiliza hawa watu muda wote mlipokuwa pamoja, ukajua nani anaongea kwa ujuzi na nani anaongea kwa sababu hapendi kushindwa. Mzee wa orodha anakuja anafuta yote hayo kwa sentensi moja, na anaomba umfuate kwenye chaneli yake.

Wanaowatetea wana hoja, tusiwanyime. Mtu ana kazi, ana watoto, umeme wenyewe wa kubahatisha. Amecheza wiki nzima usiku usiku, kwa nini amzike mtu aliyemzoea kwa kosa moja la kubonyeza? Na kweli kuna mambo ambayo gemu inayaficha kiasi cha kuudhi. Wafanyakazi wa chombo chako wakishatekwa, ukienda kwanza kumalizia vimisheni vyako vya pembeni, baadhi yao utawakuta wamekwisha. Wapi limeandikwa hilo? Hakuna. Na pale mwishoni, wanaobaki nyuma kulinda mlango wanapigiwa hesabu ya nguvu ambayo haionekani popote kwenye skrini. Hapo mtu akiomba msaada, apewe.

Lakini msaada unaweza kutolewa bila kutaja jina hata moja, na wala si kazi ngumu. Kabla ya kuvuka Omega-4, imarisha bamba za chombo, ngao na mzinga. Kila ulichokipuuza kati ya hivyo vitatu, kuna mtu atakilipia kwa roho yake. Kila mwenzako ana jambo linalomsumbua, lishughulikie, kwa sababu hata fundi bora, kama moyo wake hauko nawe, atakufa palepale mlangoni. Wafanyakazi ukiwaokoa, wape mtu wa kuwasindikiza, usiwaachie warudi peke yao. Wa kulinda mlango wawe wenye miili ya kuhimili kipigo. Wajuzi wa maabara na kompyuta usiwarundike pale. Wakitekwa watu wako, ondoka mara moja.

Basi. Mtu akiyajua hayo bado ana kazi ya kufanya, na bado mkono utamtetemeka.

Sasa mfikirie aliyefuata orodha. Wote 12 wametoka hai, muziki unalia, wanatazamana ndani ya chombo, naye anatazama simu aone kama kuna hatua imebaki. Hakumwokoa mtu, alinakili tu. Aliyemchagua fundi wake mwenyewe alikuwa ameacha hata kupumua tangu mlango ule ulipogoma kufunga.

Kwa hiyo mzee wa video afike kwenye bomba, aseme kazi hii inataka fundi, halafu anyamaze. Na wewe mdau, mara yako ya kwanza ulimwingiza nani mle ndani? Usidanganye.