Umeme ukikatika Matwebe, programu ya mwanafunzi isipotee nao

Tukuyu ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kabisa Tanzania. Kwa mwaka hupita milimita 2,000. Mvua hiyo ndiyo inayonawirisha migomba, chai na parachichi za Wilaya ya Rungwe. Ndiyo hiyo pia inayoandamana na radi na upepo, tawi likaangukia waya, umeme ukakatika mjini na hata katika kata za pembeni kama Matwebe. Mkulima huwasha taa ya sola, shughuli zikaendelea. Kijana aliyekuwa akiandika programu kwenye kompyuta ya mezani hana la kuwasha: kioo kimekuwa cheusi, na mistari aliyoitunga tangu asubuhi haionekani tena.

Swali la kwanza atakaloulizwa ni moja tu: "Kwa nini hukusevu?" Ni swali la haki, lakini halimrudishii hata mstari mmoja, wala halimfundishi afanye nini sasa. Katika wilaya ambayo umeme hauna ahadi, kuilinda kazi na kuiokoa ikipotea ni sehemu ya ufundi wenyewe. Ilifaa mwanafunzi afundishwe hayo katika wiki ya kwanza, kabla ya vitanzi na masharti ya programu. Wengi huyajua baada ya kulia.

Kinachotokea ni hiki. Maandishi yanayochapwa hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo huishi kwa umeme tu. Ukikatika, nayo hufutika papo hapo, na hakuna fundi wala programu ya kuyafufua yaliyokuwa humo. Tumaini ni kwamba kihariri, yaani programu ya kuandikia, kiliwahi kuandika nakala kwenye diski bila mwenyewe kujua. Vihariri vingi hufanya hivyo.

Chukua Vim, kihariri cha zamani kinachopendwa kwa sababu hukimbia hata kwenye kompyuta chakavu. Tuseme kijana anaandika programu ya kujumlisha uzito wa majani mabichi ya chai ya kila mkulima, na faili lake linaitwa majani.py. Pembeni mwa faili hilo Vim hutengeneza jingine lililofichwa, .majani.py.swp, na kuliandika upya kila baada ya herufi 200 au mikono ikitulia kwa sekunde 4. Umeme ukirudi na majani.py kufunguliwa tena, hutokea onyo refu la Kiingereza linalowatisha wengi. Wengine hubonyeza chochote ili liondoke, na wapo wanaochagua kulifuta lile faili la siri wakidhani ni takataka. Lakini onyo hilo ni habari njema. Kinachotakiwa ni kubonyeza R, kusoma kilichorudi, kukihifadhi kwa jina jingine na kukilinganisha na faili la mwanzo. Faili la siri lifutwe baada ya hapo. Mara nyingi kinachokosekana ni maneno machache ya mwisho.

VS Code, kinachotumiwa na vijana wengi leo, nacho huweka nakala za mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, na kikifunguliwa tena huyarudisha. Tangu 2022 hutunza pia historia ya kila mara faili lilipohifadhiwa, kwa hiyo aliyefuta sehemu nzuri kwa bahati mbaya anaweza kurudi kwenye toleo la jana. Sehemu ya kujihifadhi yenyewe imo kwenye menyu ya kwanza, na kuiwasha ni kubonyeza mara moja. Kila maabara ya kompyuta wilayani ingeweza kuiwasha leo.

Aliyefuta faili zima yuko katika hali nyingine. Kwenye diski za zamani, kufuta huondoa jina tu. Maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Basi kanuni ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo mara moja, na kuitafuta kazi kwa programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, ikiwa kwenye flashi na siyo kwenye diski ileile. Kwenye diski mpya za SSD matumaini ni madogo, kwa kuwa mara nyingi huanza kusafisha nafasi iliyoachwa muda mfupi baada ya kufuta.

Wapo watakaosema tatizo litakwisha umeme ukitosha. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kufikia megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024. Aprili 1 mwaka huohuo Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Wingi wa umeme hauondoi hitilafu. Na wanaoshauri kila kitu kiwekwe mtandaoni wakumbuke Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Nakala ya kwanza inapaswa kuwa mezani, kwenye diski na flashi; ya mtandaoni ije baadaye.

Kwa sababu hiyo programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inafaa sana mazingira ya Rungwe: hutunza kila hatua ya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, bila intaneti. Haiokoi kisichohifadhiwa, lakini hatua iliyokwisha kurekodiwa huweza kupatikana hata baada ya amri mbaya.

Nakala nayo ijaribiwe. Januari 31, 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata ya gigabaiti takribani 300. Njia tano za kutunza nakala zilikuwepo, na hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla ya ajali. Ikiwa wataalamu hao walipatwa na hayo, mwanafunzi wa Matwebe hastahili kuitwa mzembe kwa kosa ambalo hakuna aliyemfundisha kuliepuka.

Wanaochangia kompyuta za mezani mashuleni waongeze UPS, yaani betri ya akiba, hata moja kwa meza mbili, maana dakika chache zinatosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Mwalimu naye aweke zoezi dogo katika muhula wa kwanza: wanafunzi wakiwa katikati ya kuandika, akifunge kihariri chao kwa nguvu, bila kugusa swichi ya umeme, kisha awape nusu saa waitafute kazi yao. Alama zitolewe kwa kilichookolewa na kwa maelezo ya jinsi kilivyopatikana.